Ardhi Isiyo na Mwenyewe

Mtu asemapo "shamba langu" hutamka maneno mawili ambayo kila asikiaye hudhani ameyaelewa. Jirani huyaelewa, mtoto huyaelewa, na mgeni apitaye njiani huyaelewa. Asiyeyaelewa upesi ni hakimu. Kwake yeye neno "langu" laweza kuwa na maana tatu zilizo mbali mbali. Maana ya kwanza ni milki, yaani haki ya kuwa na kitu, kukitumia, kukiuza, kukirithisha, na kumzuia mwingine asikiguse. Ya pili ni ukaaji, yaani kuishika ardhi na kuishi juu yake hali shina la haki hiyo liko mkononi mwa mwingine. Ya tatu ni matumizi tu: kulima msimu mmoja, kuchunga, kukata nyasi au kuni, kisha kuondoka bila kudai zaidi.

Historia ya ardhi katika Tanganyika tangu mwisho wa karne ya 19 ni, kwa sehemu kubwa, historia ya watu waliodhani wanayo haki ya kwanza, wakaambiwa wanayo ya pili, na mara nyingine wakakuta hata ya tatu yatiliwa shaka. Katika insha hii nakusudia kufuata wazo moja lililoleta hayo yote. Ni wazo la ardhi tupu, ardhi isiyo na mwenyewe.

Kwanza yafaa tujue kwamba wenyeji walikuwa na namna zao za kuipanga ardhi kabla ya sheria za kigeni kufika. Mchaga wa Kilimanjaro alitofautisha kihamba chake cha migomba, alichokirithi kwa baba yake na ambacho makaburi ya wazee yamo ndani yake, na shamba la tambarare alilopewa alime nafaka. Cha kwanza kilikuwa cha ukoo kizazi baada ya kizazi. La pili liliweza kurudi kwa aliyeligawa. Mhaya alikuwa na kibanja cha migomba na kahawa, na nje ya kibanja ilikuwapo rweya, uwanda wa nyasi ambao watu wa kijiji walichunga humo na kukata nyasi za kuezekea na kutandaza migombani. Msukuma alitenga ngitili, malisho yaliyofungwa wakati wa mvua ili mifugo ipate chakula wakati wa kiangazi. Hapana hata moja kati ya hizi iliyokuwa ardhi tupu. Lakini mtu apitaye rweya au ngitili katika mwezi usio wake haoni jembe, wala nyumba, wala mtu.

Pwani palikuwa na jambo jingine la kuangaliwa. Sheria ya Kirumi, na ile ya Kiingereza baada yake, zasema kwamba kilichoshikamana na ardhi hufuata ardhi: mwenye udongo ndiye mwenye mti. Watu wa pwani waliona vingine. Mnazi uliweza kuwa wa mtu huyu na udongo chini yake ukawa wa mtu yule. Mnazi uliuzwa, ukawekwa rehani, na ukarithiwa peke yake. Ndiyo sababu mwenye shamba aliyempa mgeni mahali pa kulima muhogo alimkataza asipande mti wa kudumu. Muhogo hung'olewa ukaisha, bali mti husimama ukatoa ushahidi. Pamoja na desturi hiyo ilikuwapo sheria ya Kiislamu, iliyojua milki ya mtu, wakfu usiouzika, na ardhi mfu ambayo mtu huihuisha kwa kazi yake. Kwa hiyo katika mwambao huo huo haki za namna nyingi zilikaa pamoja, kila moja na mashahidi wake.

Mnamo tarehe 26 Novemba 1895 Kaisari wa Ujerumani alitoa amri juu ya ardhi ya koloni lake la Afrika ya Mashariki. Amri hiyo ilitangaza kwamba ardhi yote ni ardhi isiyo na mwenyewe, na kwa hiyo ni ya Dola, isipokuwa pale ambapo mtu, au mtawala wa nchi, au jumuiya ya wenyeji ataweza kuthibitisha haki yake. Msomaji na atazame vizuri jinsi amri hii ilivyojengwa. Haikusema kwamba wenyeji hawana haki. Ilisema haki ithibitishwe. Ikamwondolea mgeni mzigo wa kuthibitisha, ikamtwika mwenyeji. Nayo njia iliyo nyepesi ya kuthibitisha ilikuwa hati. Waswahili husema, mali bila daftari hupotea bila habari. Msemo huo ulitungwa kwa ajili ya wafanya biashara. Sasa ukawa hukumu ya nchi nzima ambayo daftari lake lilikuwa katika vinywa vya wazee na katika mizizi ya miti.

Wajerumani wenyewe waliona kwamba amri ikifuatwa bila kiasi wenyeji watakosa pa kulima. Ikaagizwa kwamba tume za ardhi ziwaachie eneo lipatalo mara nne ya lile walilolilima. Nia yaweza kuwa njema, lakini kipimo kilikuwa kibaya. Mkulima wa jembe la mkono hulima hapa miaka michache, akahamia pale, akaiacha ardhi ya kwanza ipumzike. Anayepima kilicholimwa mwaka mmoja hapimi shamba la mtu huyo; apima kipande chake tu. Hata hivyo, hadi mwaka wa 1914 ardhi iliyokuwa imekwenda kwa wageni ilikuwa ekari zipatazo 1,300,000, yaani chini ya sehemu moja katika mia ya nchi. Hesabu hiyo ni ndogo kwa macho ya mtu asomaye vitabu. Si ndogo kwa Mmeru au Mchaga aliyeona mashamba ya walowezi yakikizunguka kilima chake, kwa kuwa ardhi haipotei kwa wastani wa nchi. Hupotea mahali palipo na mvua.

Waingereza walipopewa nchi kwa udhamini wa Shirikisho la Mataifa, mkataba wa 1922 uliwataka waangalie sheria na desturi za wenyeji katika kutunga sheria za ardhi. Sheria ya Ardhi ya 1923 ikafuata, kwa kuiga mfano wa Nigeria ya Kaskazini. Ilisema kwamba ardhi yote, yenye watu na isiyo na watu, ni ardhi ya umma, iliyo chini ya Gavana kwa manufaa ya wenyeji. Milki kamili zilizopatikana kihalali kabla yake ziliachwa. Bali tangu hapo mtu alipewa haki ya ukaaji tu, kwa muda usiozidi miaka 99. Mwaka wa 1928 maana ya haki hiyo ilipanuliwa, hata mwenyeji anayeishika ardhi kwa desturi yake akahesabiwa kuwa naye anayo haki ya ukaaji, ijapokuwa hana hati.

Hii ilikuwa hatua kubwa kupita amri ya 1895, wala si haki kuipuuza. Lakini yalikuwapo mambo mawili ndani yake. La kwanza, mwenyeji aliyekuwapo kabla ya serikali alihesabiwa kana kwamba amepewa na serikali. La pili, haki ya hati na haki ya desturi ziliitwa kwa jina moja, bali hazikulindwa kwa nguvu moja. Mwaka wa 1953, katika shauri la Mtoro bin Mwamba, Mahakama ya Rufani ya Afrika ya Mashariki ilikataa dai la mwenyeji aliyetaka kutambuliwa kuwa na milki kamili. Ilionekana kwamba desturi humpa mtu matumizi ya ardhi, si milki yake. Hapo twaona mtego wenyewe. Mwenyeji aliulizwa kama anayo haki ya Kiingereza, akashindwa kuionyesha. Na kushindwa kwake kukachukuliwa kuwa ni upungufu wa desturi yake, si upungufu wa swali.

Yaliyotokea Meru yalikuwa makali zaidi. Mwishoni mwa mwaka wa 1951 watu wapatao 3,000 waliondolewa Engare Nanyuki kwa nguvu ili nafasi yao itengwe kwa ufugaji wa Wazungu. Wameru walimtuma Kirilo Japhet hadi Umoja wa Mataifa, naye mwaka wa 1952 akasimama mbele ya Baraza la Udhamini akaeleza habari za watu wake. Ardhi haikurudi kwa sababu ya safari hiyo. Lakini watu wengi wa Tanganyika walijifunza kwamba swali la shamba ni swali la utawala.

Mwaka wa 1955 Tume ya Kifalme ya Afrika ya Mashariki ilishauri kwamba dawa ni kumpa kila mtu milki yake binafsi. Wengi wangetazamia viongozi wa wenyeji wafurahi. Julius Nyerere hakufurahi. Katika maandishi yake ya 1958, yaitwayo *Mali ya Taifa*, alihoji kwamba mtu hakuiumba ardhi, ila aliifanyia kazi. Na kwamba ardhi ikiuzwa kama bidhaa, katika nchi yenye maskini wengi itaishia mikononi mwa wachache wenye fedha. Basi baada ya uhuru milki kamili ziligeuzwa mwaka wa 1963 kuwa upangaji wa serikali wa miaka 99, na mwaka wa 1969 upangaji huo nao ukageuzwa kuwa haki ya ukaaji. Mwaka wa 1965 sheria nyingine ilianza kuwafungua Wahaya waliolima chini ya nyarubanja, ambao walitoa kodi kwa mabwana wa ardhi waliyoilima wenyewe. Yafaa kulikumbuka hilo, maana si kila desturi ilikuwa ngao ya mnyonge. Hata mwaka wa 1990 Mahakama Kuu kule Mwanza ilipasa kuamua kwamba mwanamke wa Kihaya anayo haki ya kuuza ardhi aliyoirithi sawasawa na mwanamume.

Ila katika kuondoa milki ya mlowezi, jengo la 1923 halikuvunjwa. Alipokuwapo Gavana aliwekwa Rais. Vijiji vilipoanzishwa kwa nguvu katika miaka ya 1973 hadi 1976, mamilioni ya watu walihamishwa na kupewa mashamba yaliyokuwa ya wengine, bila mtu kuuliza sana haki za desturi zimekwenda wapi. Walipoanza kudai mahakamani, sheria ya 1992 ilitungwa ili kuzifuta haki hizo na kuwafungia milango ya mahakama. Ndipo likaja shauri la Akonaay, la baba na mwanawe kutoka kijiji kimoja cha Mkoa wa Arusha. Mwaka wa 1994 Mahakama ya Rufani ya Tanzania ilitamka kwamba haki ya desturi katika ardhi ni mali, inalindwa na ibara ya 24 ya Katiba, wala haiondolewi bila fidia ya haki. Ilisema pia kwamba Rais ni mdhamini wa ardhi kwa ajili ya wananchi. Kilichonyimwa mwaka wa 1895 na kusitiwa mwaka wa 1953 kilipata jina lake halisi baada ya karne moja kasoro mwaka.

Sheria mbili za 1999, ya Ardhi na ya Ardhi ya Vijiji, zilizoanza kazi mwaka wa 2001, ziliigawa nchi katika mafungu matatu: ardhi ya hifadhi, ardhi ya kijiji, na ardhi ya jumla. Tume iliyoongozwa na Profesa Issa Shivji ilikuwa imeshauri kwamba shina la haki katika ardhi ya kijiji liwe mkononi mwa mkutano wa wanakijiji. Serikali ikaamua libaki kwa Rais. Hata hivyo Sheria ya Vijiji ilifanya jambo ambalo lingewashangaza watunzi wa amri ya 1895. Ilisema kwamba ardhi ya kijiji ni pamoja na ile ambayo wanakijiji wameitumia kwa miaka 12 kabla ya sheria, hata ikiwa imeachwa ipumzike, hata ikiwa ni malisho, hata ikiwa ni njia ya kupita. Rweya na ngitili zikaingia katika kitabu cha sheria.

Laiti mambo yangeishia hapo. Katika mwaka ule ule, Sheria ya Ardhi ilieleza maana ya ardhi ya jumla, ikaongeza kwamba ni pamoja na ardhi ya kijiji isiyokaliwa au isiyotumiwa. Sheria ya Vijiji, katika maelezo yake, haikuwa na maneno hayo. Basi ndugu wawili wa tumbo moja walizaliwa, mmoja akisema malisho yaliyopumzika ni ya kijiji, mwingine akimpa mtu nafasi ya kuuliza: nani amekaa hapa? Na swali hilo twalijua. Ndilo lililoulizwa mwaka wa 1895.

Mwanafunzi wa sheria hufundishwa kuanza na maana za maneno, naye mara nyingi huona somo hilo ni kavu. Lakini katika habari hii yote wenye nguvu hawakuhitaji kwanza bunduki ili kuchukua ardhi. Walihitaji neno moja, "tupu", na cheo cha kuwa wao ndio waelezao maana yake. Ardhi iliyopumzika haina kinywa cha kujibu. Aliyeipumzisha anacho, ila hukuti jina lake daima katika daftari. Hivyo basi kila mtu apewaye kazi ya kuandika sheria ya ardhi, kabla ya kuandika kwamba mahali fulani hapana mwenyewe, na angoje hata msimu ugeuke, kisha arudi atazame tena.