KICHWA CHA UDONGO
Somo la Historia kwa Madarasa ya Watu Wazima

Somo la leo ni la historia, na habari zake ni za watu waliojaribu kufinyanga kwa udongo kichwa cha mtu mashuhuri. Fungueni karatasi zenu, na wenye kalamu wazishike, maana yamo majina na miaka ya kuandika.

Kuchonga na kufinyanga

Kwanza tutenge maneno mawili. Mchongaji wa mpingo hupunguza. Akikata pua kupita kiasi, pua imekwenda, hawezi kuirudisha. Mfinyanzi huongeza na kupunguza apendavyo. Akiona pua ni fupi, hutia donge. Akiona ni ndefu, huikata kwa uzi au kijiti. Jioni huifunika kazi yake kwa kitambaa kibichi ili udongo usikauke, na kesho huendelea. Kwa sababu hiyo watu wengi wasio mafundi hupenda kuanzia kwenye udongo.

Sanamu ikikamilika, fundi huweza kuitengenezea kalibu, yaani chombo chenye umbo lake kwa ndani, kisha kwa njia ya kalibu hiyo hupatikana sanamu ya shaba iliyochanganywa na bati. Hapo kazi imekwisha kuwa ngumu kama chuma. Kosa lililoachwa katika udongo litakaa katika shaba miaka mingi.

Fundi aliyevuka bahari

Sasa twende mpaka Marekani, mwaka 1784. Bunge la jimbo la Virginia lilitaka sanamu ya George Washington, jemadari aliyewaongoza Wamarekani katika vita vya kujitoa katika utawala wa Uingereza. Wakati ule alikuwa bado hajawa Rais; alishika kazi hiyo mwaka 1789. Fundi aliyechaguliwa alikuwa Mfaransa, jina lake Jean-Antoine Houdon. Picha ya Washington iliyochorwa kwa rangi ilipelekwa Ufaransa ili fundi aitazame na kufanya kazi yake huko huko.

Houdon hakuridhika na picha. Alipanda jahazi, akavuka bahari ya Atlantiki, na mwezi wa Oktoba 1785 akafika Mount Vernon, nyumbani kwa Washington. Alikaa huko majuma mawili hivi. Alimpima mwili, akampaka plasta usoni ili kupata umbo la uso wake, kisha akafinyanga kichwa chake kwa udongo. Kichwa hicho kimehifadhiwa Mount Vernon, na sanamu nzima ya marumaru iko katika mji wa Richmond.

Angalieni jambo hili. Houdon alikuwa bingwa wa kazi yake, na picha alikuwa nayo. Hata hivyo aliona heri ahatarishe maisha yake baharini kuliko kuitegemea picha peke yake.

Asiye fundi mbele ya mtu mwenyewe

Pengine mtaniuliza: je, mtu asiye fundi akikaa mbele ya mtu mwenyewe, ataweza? Jibu moja tunalipata Uingereza, katika miaka ya 1950. Winston Churchill, aliyekuwa Waziri Mkuu, alikuwa akifinyangwa na fundi Oscar Nemon. Churchill alikuwa mtu wa kupenda kujaribu. Alianza kuchora picha za rangi mwaka 1915, naye amekwisha kufika umri wa miaka 40. Basi fundi alipokuwa akimfinyanga, Churchill naye alichukua udongo akaanza kukifinyanga kichwa cha Nemon. Hiyo ndiyo sanamu pekee inayojulikana kuwa imefanywa kwa mikono yake. Hakuwa na ujuzi wa kazi ile, lakini alikuwa na bahati mbili: mtu aliyemfinyanga alikuwa mbele yake, naye alikuwa bingwa wa kazi hiyo hiyo.

Mtu wa Madeira

Sasa tumfikie mtu ambaye hakuwa na bahati hizo. Madeira ni kisiwa cha Ureno katika bahari ya Atlantiki. Katika mji wake mkubwa, Funchal, alizaliwa mchezaji wa mpira Cristiano Ronaldo, tarehe 5 Februari 1985. Mwaka 2016 Ronaldo alikuwa nahodha wa Ureno ilipotwaa Kombe la Ulaya. Watu wa kisiwa wakaona fahari, na kiwanja chao cha ndege kikapewa jina lake tarehe 29 Machi 2017. Rais wa Ureno na Waziri Mkuu walihudhuria. Siku hiyo pazia liliondolewa juu ya kichwa cha shaba.

Aliyekifanya ni Emanuel Santos, mtu wa Madeira aliyejifunza kazi hii mwenyewe. Ronaldo hakukaa mbele yake kama Washington alivyokaa mbele ya Houdon. Santos alitumia picha alizozipata katika intaneti, akawa anazitazama na kufinyanga. Ronaldo mwenyewe alionyeshwa picha za kazi hiyo, akaomba mikunjo fulani ya uso ipunguzwe ili aonekane mchangamfu zaidi.

Pazia lilipoondolewa, watu walistaajabu. Sura haikufanana na ile waliyoizoea, na tabasamu lake liliwashangaza. Kwa muda wa saa chache tu picha ya sanamu ile ilienea duniani kote, na kila mahali watu walicheka. Wengi wa waliocheka hawakumjua Santos.

Tusimhukumu upesi. Tufikiri kwanza kwa nini kazi hii ni ngumu.

Pima uso wa jirani yako

Weka karatasi mezani kidogo, umgeukie jirani yako. Inua kalamu wima mbele ya jicho lako, bila kumgusa mwenzako. Pima toka utosini mpaka kidevuni. Sasa tafuta macho yake yako wapi. Wengi hudhani macho yako juu, karibu na paji la uso. Sivyo. Macho yako karibu katikati kabisa ya kichwa. Nafasi iliyo kati ya macho mawili ni kadiri ya upana wa jicho moja. Sikio huanzia usawa wa nyusi na kuishia usawa wa chini ya pua.

Mwambie ageuke, umtazame kwa upande. Unaona kisogo kilivyotokeza nyuma? Mtu anayeanza kufinyanga huhangaikia macho na midomo akasahau kisogo, na kichwa chake hutoka bapa kama sahani.

Mambo hayo yote picha huyaficha. Picha ni bapa. Haikuonyeshi shavu limetokeza kiasi gani, wala jicho limeingia ndani kiasi gani. Tena picha hushika kufumba na kufumbua kwa tabasamu. Mtu akitabasamu, mashavu hupanda na macho hupungua, kisha uso hurudi. Katika shaba uso haurudi. Tabasamu lililopendeza katika picha linaweza kuwa jambo geni kabisa likikaa mchana na usiku.

Kuna taabu nyingine. Ukimfinyanga jirani yako ukakosea kidogo, watakaojua ni watu wa mtaa wenu. Lakini Ronaldo ameonwa na mamilioni ya watu, mara elfu na elfu. Kila mmoja wao anaijua sura yake, hata kama hawezi kueleza pua ikoje. Kosa dogo kama punje ya mtama wataliona mara moja, wala hawatakuambia liko wapi. Watasema tu: "Siye."

Jaribio la pili

Santos alipata aibu kubwa, na dhihaka ile iliwaumiza jamaa zake pia. Hakuacha kazi. Mwaka 2018 tovuti moja ya michezo ya Marekani ilimtaka afanye kichwa cha Ronaldo mara ya pili. Alianza upya na udongo mpya. Safari hii, kazi ilipoonyeshwa, watu wengi waliona kwamba Ronaldo wamempata. Waliomcheka mwaka uliotangulia wengine wao walimsifu.

Lakini historia haimalizi kila jambo kama hadithi. Mwezi wa Juni 2018 kichwa cha kwanza kiliondolewa katika kiwanja cha ndege, na mahali pake kikawekwa kingine, ambacho hakikufanywa na Santos. Sanamu ya pili ya Santos haikumrudishia mahali pale. Ilichoonyesha ni kwamba mkono ule ule uliochekwa uliweza kujifunza.

Nanyi, ndugu, mnayajua haya kuliko wengi. Mtu mzima akianza kuandika jina lake, herufi za kwanza huinama, moja kubwa, nyingine ndogo. Mtoto akipita dirishani hucheka. Tofauti yenu na Santos ni kwamba herufi zenu za kwanza zimo katika daftari, na ukurasa unageuzwa. Herufi yake ya kwanza ilikwisha tiwa katika shaba mbele ya Rais. Kwa hiyo msiione haya daftari. Fanyeni makosa yenu humo, wakati udongo ungali mbichi.

Juma lijalo leteni darasani donge la udongo wa mfinyanzi, kila mtu kadiri ya ngumi mbili, pamoja na kijiti na kitambaa. Tutafinyanga kichwa cha mtu aliyekaa mbele yetu. Kwa herini.

Maswali ya kuzungumza darasani

1. Kuchonga na kufinyanga kuna tofauti gani?
2. Kwa nini Houdon alisafiri mpaka Mount Vernon mwaka 1785, naye alikuwa na picha?
3. Churchill alikuwa na bahati zipi mbili ambazo Santos hakuwa nazo?
4. Taja mambo mawili ya kichwa cha mtu ambayo picha huyaficha.
5. Andika sentensi tatu juu ya kazi uliyoijaribu mara ya pili ukaifanya vizuri zaidi.