Macleod na moshi wa aina mbili

Wadau, ukimtajia Mtanzania anayependa historia jina la Iain Macleod, atakupeleka moja kwa moja ukumbi wa Karimjee. Huyu ndiye Waziri wa Makoloni wa Uingereza aliyekuja Dar es Salaam Machi 1961 kuongoza mkutano wa katiba, ule uliokubaliana kwamba Tanganyika ijitawale kabla mwaka huo haujaisha. Mwaka mmoja nyuma alikuwa ameongoza mkutano wa Lancaster House kule London, uliowafungulia Wakenya njia ya kuwa na serikali ya walio wengi. Kwa hiyo huku kwetu jina lake halitajwi kwa ubaya.

Leo nataka tumwangalie kabla hajafika huko. Kati ya 1952 na 1955 Macleod alikuwa Waziri wa Afya, na katika kipindi hicho alilijibu Bunge la Uingereza kuhusu moshi wa aina mbili: wa makaa ya mawe na wa sigara. Majibu yale ukiyasoma pamoja, unaona jinsi serikali inavyoweza kusema kweli tupu na bado ikawaacha watu wafe.

Tuanze na makaa. Desemba 1952 London ilipigwa na baridi kali, na kila nyumba ikachochea moto. Uingereza ilikuwa na madeni ya vita, makaa mazuri yalikuwa yanauzwa nje, hivyo wananchi walichoma makaa duni. Hewa ikatulia tuli, upepo hakuna, moshi ukakosa pa kwenda. Kuanzia tarehe 5 hadi 9 ukashuka mitaani ukachanganyika na ukungu. Mabasi yalikwama, na pale yalipojaribu kwenda, kondakta alitangulia kwa miguu na taa mkononi. Onyesho moja la opera lilikatizwa kwa sababu moshi uliingia ukumbini na watazamaji hawakuona jukwaa.

Tarehe 18 Desemba Macleod aliwapa wabunge hesabu. Katika wiki iliyoishia tarehe 13, London na vitongoji vyake vilikuwa na vifo 4,703. Wiki kama hiyo mwaka 1951 vilikuwa 1,852. Toa mwenyewe uone: watu 2,851 zaidi, kwa wiki moja tu. Ni kama kijiji kizima.

Ungetegemea serikali iruke juu. Haikuruka. Vifo vilipoendelea kuwa vingi mwanzoni mwa 1953, Wizara ya Afya ilivitupia mafua. Harold Macmillan, aliyekuwa Waziri wa Nyumba, aliwaandikia mawaziri wenzake mwaka huo kwamba hawana kubwa la kufanya ila wanaweza kuonekana wako bize. Watafiti waliorudia hesabu zile mwaka 2001 walifikia vifo vipatavyo 12,000, na hoja ya mafua haikuwatosha.

Hata hivyo, moshi wa makaa una kasoro moja kwa mwanasiasa: unaonekana. Kila mpiga kura wa London aliumeza. Kamati ya Sir Hugh Beaver iliundwa, ikaandika ripoti mwaka 1954. Mbunge Gerald Nabarro alipoona serikali inasuasua, akaleta muswada wake binafsi, na serikali ikaona aibu ikaahidi kuleta wa kwake. Julai 1956 Sheria ya Hewa Safi ikapita, halmashauri zikapewa nguvu ya kupiga marufuku moshi kwenye maeneo yao. Haijafika hata miaka minne tangu ule ukungu.

Sasa njoo kwenye sigara. Mwaka 1950 Richard Doll na Austin Bradford Hill walichapisha utafiti wao juu ya wagonjwa wa hospitali za London. Walitaka kujua kwa nini saratani ya mapafu inaongezeka kwa kasi. Doll mwenyewe alidhani mchawi ni lami ya barabarani. Takwimu zikamwelekeza kwenye sigara, naye akaacha kuvuta kabla kazi haijaisha. Tuelewane hapa: hii ni nchi ambayo mwaka 1948 wanaume kama 8 kati ya 10 walikuwa watumiaji wa tumbaku. Wabunge walivuta, madaktari walivuta, na Macleod, mtoto wa daktari, alikuwa mvutaji wa kutupwa.

Februari 12, 1954 akatoa jibu bungeni. Alisema, kwa ushauri wa kamati ya wataalamu, kwamba uhusiano kati ya uvutaji na saratani ya mapafu sasa uchukuliwe kuwa umethibitika. Hapo ni hatua kubwa, tumpe haki yake. Hakuna serikali ya Uingereza iliyokuwa imesema hivyo kabla. Kisha zikafuata “lakini”. Lakini uhusiano wenyewe si wa moja kwa moja. Lakini haiwezekani kukadiria ukubwa wa madhara. Lakini kuna vyanzo vingine, ikiwemo hewa chafu ya mijini. Mwisho: vijana waonywe juu ya kuvuta kupita kiasi. Akatangaza pia kwamba kampuni za tumbaku zimetoa pauni 250,000 kwa ajili ya utafiti. Siku hiyo alizungumza na waandishi wa habari huku akiwasha sigara moja baada ya nyingine.

Umeliona hilo la hewa chafu? Moshi wa makaa, ambao wizara yake ilikuwa inasita kuutia hatiani kwa vifo vya London, sasa umeitwa kizimbani kuitetea sigara!

Simwiti Macleod mwongo. Leo tunajua kwamba hewa chafu nayo huleta saratani ya mapafu, na wataalamu wake hawakubuni kitu. Swali ni kwa nini ukweli ulipangwa hivyo. Sehemu ya jibu iko kwenye barua yake ya Januari 1954 kwa mwenzake wa Hazina. Humo alikiri kwamba huduma za jamii za nchi yao, na mengine mengi, zimejengwa juu ya uvutaji wa tumbaku. Yaani kodi ya fegi ndiyo ilikuwa inasaidia kulipa hospitali zinazowatibu wavutaji.

Matokeo yake yapime kwa kalenda. Matangazo ya sigara kwenye televisheni ya Uingereza yalipigwa marufuku 1965, miaka 11 baada ya jibu lile. Onyo kwenye pakiti likaja 1971. Marufuku ya kuvuta ndani ya baa na ofisi kule England ikaja Julai 2007, miaka 53 baadaye. Macleod hakuyaona mengi ya hayo. Alifariki Julai 1970 kwa ugonjwa wa moyo, akiwa na miaka 56, mwezi mmoja tu tangu akabidhiwe Hazina.

Huku kwetu mambo haya si ya kigeni. Urambo, mahali ambapo Waingereza walilima karanga zikawashinda, pakageuka nchi ya tumbaku, na watoto wengi wa Tabora wamesoma kwa jani hilo. Tanzania ilitunga sheria ya kudhibiti bidhaa za tumbaku mwaka 2003, Kenya mwaka 2007. Na moshi wa jikoni, wa kuni na mkaa, Shirika la Afya Duniani linakadiria uliua watu milioni 3.2 duniani mwaka 2020. Wanaoumeza zaidi ni mama zetu na dada zetu, ambao hawana kampuni ya kuwasemea.

Kwa hiyo sisi tunaokaa jukwaa la waandishi pale Dodoma tuna kazi. Waziri akisema wavutaji wasivute “kupita kiasi”, tumuulize kiasi ni kipi na nani kakipima. Akisema “kuna sababu nyingine pia”, tumuulize hizo nyingine amezifanyia nini. Na tukimaliza hapo, tufungue kitabu cha bajeti tuone moshi huo unaingiza shilingi ngapi. Mnasemaje, wadau?