Miezi Sita ya Nyumbani

Historia ya tiba nchini Tanzania kwa kawaida huandikwa kama historia ya majengo: hospitali ilifunguliwa mwaka fulani, wodi ikaongezwa, mashine ikaletwa. Mgonjwa huingia katika masimulizi hayo akiwa amebebwa, hutoka siku anayoruhusiwa, na baada ya hapo hakuna anayemfuatilia kwa kalamu. Kwa magonjwa mengi upungufu huo hauna madhara makubwa. Kwa kifua kikuu, ugonjwa ambao ukanda wa dhahabu wa Geita na Kahama umeishi nao muda mrefu, ni kosa la hesabu. Mtu wa Nyahanga, kata iliyomo leo ndani ya Manispaa ya Kahama, aliyetibiwa kwa utaratibu ulioenea nchini kuanzia miaka ya 1980, alilazwa miezi miwili kisha akameza dawa kwao miezi sita. Robo tatu ya tiba ilifanyika mahali ambapo mwandishi wa historia hakutia mguu. Hoja yangu ni kwamba kaya ilikuwa sehemu ya tiba muda wote huo, kwamba wenye mamlaka ya afya walichukua zaidi ya nusu karne kukiri hivyo, na kwamba baadhi ya ushahidi uliowalazimisha kukiri ulitoka hapahapa Afrika Mashariki.

Ucheleweshaji huo hauelewi mtu asiyeanzia kwenye malale. Mwaka 1922 mlipuko wa malale uligunduliwa Maswa, mashariki ya Usukuma, na katika miaka iliyofuata ugonjwa ukajitokeza pia kwenye mapori ya magharibi, kuelekea Kahama na Biharamulo. Malale ya aina hii huua haraka, mara nyingi ndani ya miezi michache. Suramini, dawa iliyokuwapo wakati huo, iliwafaa waliofikishwa mapema tu, kabla vimelea havijaingia kwenye ubongo. Serikali ya Waingereza ikaona dawa pekee ya uhakika ni kuhamisha watu: kaya zilizotawanyika porini zikakusanywa kwenye makazi ya pamoja na vichaka vikafyekwa ili mbung'o, anayeeneza malale, akose kivuli. Shinyanga ikawa makao ya utafiti wa mbung'o chini ya C. F. M. Swynnerton, hadi alipofariki kwa ajali ya ndege mwaka 1938. Haikuwa hatua ya kijinga, kwa maana pale vichaka vilipoondoka mbung'o naye aliondoka. Lakini fikra iliyoibeba ilikuwa moja: nyumba ya mgonjwa ndiyo mtuhumiwa. Aliyenusurika malale angeweza kutoka hospitalini akaambiwa kwamba kwao hakupo tena pale alipopaacha.

Helge Kjekshus, katika kitabu chake cha mwaka 1977, aliigeuza fikra hiyo juu chini. Alionyesha kwamba pori lilipanuka baada ya sotoka ya miaka ya 1890 kuua ng'ombe, na baada ya vita, njaa na maradhi kupunguza watu, mashamba yakarudi kuwa vichaka. Maana yake ni kwamba kabla ya hapo kaya zenyewe, kwa majembe na mifugo yao, zilikuwa zikimweka mbung'o mbali. Wapo waliompinga kwamba aliisifu mno Tanganyika ya kabla ya ukoloni, na nadhani kuna ukweli katika lawama hiyo. Njaa na maradhi havikuletwa na meli za Wazungu peke yake. Hata hivyo jambo la msingi limesimama. Kilichokuwa kikihesabiwa kuwa chanzo cha ugonjwa kilikuwa pia kinga yake, na serikali iliona upande mmoja tu.

Upande wa pili wenyeji waliujua kwa namna nyingine. Kwa Wasukuma na Wanyamwezi, mgonjwa mzito aliyepelekwa kwa mfumu, yaani mganga wa jadi, aliweza kukaa hukohuko wiki au miezi, na mara nyingi ndugu alikaa naye, akimpikia, akimwogesha na kusikiliza pamoja naye kilichosemwa kuhusu ugonjwa. Sisemi kwamba mfumu aliponya kifua kikuu. Bakteria yule hakuwa na dawa popote duniani hadi miaka ya 1940, si Usukuma wala London. Ninachosema ni kwamba katika desturi hiyo hapakuwa na tiba isiyo na mwenye mgonjwa. Hospitali za misheni na za serikali zilipokuja ziliikuta desturi hiyo, zikainung'unikia, na mwisho zikaishi nayo. Moshi wa wenye wagonjwa wanaopika nyuma ya wodi umedumu kuliko sheria nyingi za kuupiga marufuku.

Kifua kikuu kilipopewa mahali pake rasmi, mahali hapo palikuwa mbali na nyumba ya mtu yeyote. Kibong'oto, kwenye miteremko ya Kilimanjaro, ilianza mwaka 1926 kwa mfano wa sanatoria za Ulaya: hewa ya mlimani, chakula kizuri, mapumziko marefu. Kwa mgonjwa wa Kahama ilikuwa safari ya mamia ya kilometa, na kwa ndugu zake ilikuwa karibu sawa na kumzika, maana aliyekwenda huko hakujulikana atarudi lini wala kama atarudi. Zaidi ya hewa na chakula, sanatoria ilikuwa na sababu yake ya kinga: mtu anayekohoa bakteria atolewe katikati ya watoto wake. Sababu hiyo ina uzito, na kila anayetetea tiba ya nyumbani lazima aijibu.

Jibu lilianza kupatikana India. Streptomaisini ilikuwa imegunduliwa 1943 na isoniazidi ikaanza kutumika 1952, hivyo kwa mara ya kwanza tiba ilikuwa dawa, na hewa ya mlimani ikabaki kuwa nyongeza. Katika mji wa Madras, watafiti wakiongozwa na Wallace Fox waliwagawa wagonjwa maskini makundi mawili: wengine wakatibiwa sanatoria kwa chakula na mapumziko, wengine kwenye nyumba zao zilizosongamana. Matokeo yaliyotangazwa mwaka 1959 yaliwashangaza madaktari wengi. Waliotibiwa nyumbani walipona karibu sawa na wale wa sanatoria, na ndugu walioishi nao hawakuambukizwa zaidi ya ndugu wa waliolazwa. Maambukizi mengi ndani ya kaya hutokea kabla mgonjwa hajajulikana kuwa mgonjwa. Akianza dawa zinazofaa, uwezo wake wa kuambukiza hushuka haraka. Kumhamisha mtu baada ya kumgundua ni kufunga zizi wakati fisi amekwisha kuondoka. Mtu anaweza kusema Madras si Usukuma, na ni kweli, ila nyumba za Madras zilikuwa na msongamano kuliko kaya za Shinyanga zenye uwanja mpana. Kama kuna mahali hoja ya maambukizi ingekuwa na nguvu, ni kule, na kule ilishindwa.

Hatua iliyofuata ilikuwa ya Afrika Mashariki. Majaribio yaliyoendeshwa Kenya, Uganda, Tanzania na Zambia kwa ushirikiano na Waingereza, ambayo ripoti yake ya kwanza ilitoka mwaka 1972, yalionyesha kwamba rifampisini au pirazinamidi zikiongezwa, tiba ingeweza kukatwa kutoka mwaka na zaidi hadi miezi sita. Lakini rifampisini ilikuwa ghali, na streptomaisini ilikuwa sindano ya kila siku. Hapo ndipo anaingia Karel Styblo, Mcheki aliyeugua kifua kikuu akiwa mfungwa wa kambi ya Wanazi ya Mauthausen, akapona, akasomea udaktari. Mpango wa taifa wa kifua kikuu na ukoma ulianza Tanzania mwaka 1977 kwa msaada wake na wa shirikisho la kimataifa la kupambana na kifua kikuu, na katika miaka ya 1980 ukaeneza tiba ya miezi minane. Miezi miwili ya kwanza mgonjwa alilazwa, akachomwa sindano na kupewa rifampisini chini ya macho ya muuguzi. Miezi sita iliyobaki alichukua vidonge kwenye zahanati iliyo karibu na kwao, na mratibu wa wilaya akawa anazunguka kwa pikipiki na daftari akikagua makohozi na majina.

Ulimwengu uliusifu mpango huo. Ripoti ya Benki ya Dunia ya mwaka 1993 iliutaja kama tiba yenye tija kubwa kwa gharama ndogo, mwaka huohuo Shirika la Afya Duniani likatangaza kifua kikuu kuwa dharura ya dunia, na muda si mrefu mfano wa Tanzania ukawa mkakati wa mataifa. Kilichobebwa kwenda nje, hata hivyo, kilikuwa picha ya muuguzi anayemtazama mgonjwa akimeza. Ile miezi sita ambayo hakuna muuguzi aliyetazama ilipita kimyakimya. Mtu aliyerudi nyumbani akiwa na uzito wa mtoto, anayesikia nafuu na kwa hiyo ana kila sababu ya kuacha vidonge, alimaliza vipi? Kuna aliyemkumbusha asubuhi. Kuna aliyeuza mpunga apate nauli ya zahanati, maana dawa zilikuwa bure lakini njia haikuwa bure. Kuna aliyepika mara tatu kwa mtu ambaye dawa na uponaji vilimrudishia njaa ya ghafla. Kwa sehemu kubwa walikuwa wanawake: mke, mama, dada, shangazi.

Hapa kuna pingamizi zito kuliko la maambukizi. Mtu anaweza kusema kwamba mgonjwa alirudishwa kwao kwa sababu vitanda vilikwisha, na hakuna aliyekuwa ameitambua thamani ya kaya. Ni kweli kabisa. Ukimwi ulipandisha idadi ya wagonjwa wa kifua kikuu waliosajiliwa nchini kutoka takriban 12,000 mwanzoni mwa miaka ya 1980 hadi zaidi ya 60,000 miaka ishirini baadaye, na hakuna wodi ambayo ingewabeba. Lakini sababu ya kuanza jambo na ushahidi wa kwamba linafaa ni vitu viwili. Watafiti walipolinganisha, Kilombero na kisha Temeke, katika kazi zilizochapishwa 2003 na 2004, wagonjwa waliosimamiwa na mtu wa karibu nyumbani au jirani walipona kwa kiwango kisichotofautiana na cha waliosimamiwa kituoni. Kuanzia 2006 taifa likaanza kumpa mgonjwa uhuru wa kuchagua ameze wapi na asimamiwe na nani. Wengi walichagua nyumbani. Walichochagua kilikuwa kimefanyika tangu zamani. Kilichobadilika ni kwamba sasa jina la msimamizi liliandikwa kwenye kadi.

Mwenye kutetea wanawake ataongeza kwamba kuisifu kaya ni njia ya heshima ya kuwatwisha mzigo bila malipo. Nakubaliana naye karibu kabisa. Ila mzigo huo haukuanza kwa kusifiwa. Ulikuwapo wakati haujatajwa, na kazi isiyotajwa haidaiwi ujira. Kuitaja kwenye historia ni hatua ndogo, lakini ndiyo inayotangulia dai lolote la nauli, chakula au posho.

Pingamizi ninaloliogopa zaidi linatoka machimboni. Mgodi wa Geita wa enzi za Waingereza ulifungwa 1966. Uchimbaji mdogo ukafurika katika miaka ya 1980 na 1990, watu wakahamishwa Bulyanhulu mwaka 1996 kupisha kampuni, na Buzwagi ikafunguliwa mlangoni mwa Kahama mwaka 2009. Ukanda huu umejaa watu ambao nyumbani kwao ni kwingine: kijana wa Tarime au Kwimba anayelala chumba cha kupanga, anayeshuka duara, yaani shimo la dhahabu, na wenzake, na kesho akisikia rashi mpya, dhahabu iliyoonekana kwingine, anahama. Huyu anarudi kwa nani? Hoja ya kaya inaonekana kumwacha nje. Nadhani inamwacha nje kwa nusu tu. Utaratibu wa kuchagua msimamizi haukudai damu, na mwenzake wa duarani au mama mwenye nyumba anaweza kuushika. Nusu ya pili ni kwamba wachimbaji wengi wakizidiwa hurudi kwao kwa basi, na kwa hao kinachookoa tiba ni karatasi ya uhamisho inayofika kwenye zahanati ya kijijini kabla vidonge havijaisha. Udhaifu uko kwenye karatasi hiyo kuliko kwenye ndugu.

Lakini kuna jambo ambalo kaya haiwezi. Vumbi la mwamba wa dhahabu lina silika, na silika ikishakaa kwenye mapafu hubaki huko, ikimweka mtu kwenye hatari ya kifua kikuu maisha yake yote. Afrika Kusini ilikuwa na sheria ya fidia kwa mapafu ya wachimbaji tangu mwanzoni mwa karne ya 20, na mwaka 2019 mahakama ya Johannesburg iliidhinisha makubaliano ya mabilioni ya randi kati ya kampuni za dhahabu na wachimbaji wa zamani. Mchimbaji mdogo wa Kahama hana kampuni ya kuishtaki. Mwenye duara na mwenye karasha, mashine ya kusaga mawe, hawana mkataba naye unaosomeka mahakamani. Kulowesha mwamba kwa maji wakati wa kuchoronga na kusaga hupunguza vumbi, na ujuzi huo una zaidi ya miaka mia. Maji ya Ziwa Victoria kutoka chanzo cha Ihelele yalifika Kahama mwishoni mwa muongo wa 2000, yakapita kwenye mabomba kuelekea nyumba za watu. Kwenye karasha mawe mengi bado yanasagwa makavu, na aliyemaliza miezi yake ya vidonge mara nyingi hurudi kuyasaga, kwa kuwa wale waliomuuguza wanakula kutoka hapo.