Iodini: Kutoka Majivu ya Mwani hadi Matangi ya Matumbawe
Mwaka 1811, Bernard Courtois, mtengenezaji wa shura, yaani chumvi ya kuundia baruti, nchini Ufaransa, alizidisha asidi ya salfuri katika maji ya majivu ya mwani, na mvuke wa zambarau ukapanda, kisha ukaganda kuwa fuwele nyeusi zinazong'aa: ndiyo iodini, ambayo kwenye pakiti za chumvi huitwa madini joto. Mnamo 1829 daktari Jean Lugol aliichanganya na iodidi ya potasiamu majini, na dawa hiyo ya binadamu ndiyo ambayo baadaye wafugaji wa matumbawe waliidondosha katika matangi yao, wakiamini kwamba huwasaidia kamba kujivua gamba, ilhali bahari yenyewe ina takriban miligramu 0.06 tu za iodini kwa lita, na iodini ikizidi mno huwadhuru viumbe haohao.