Transkripti: Hati ya Masomo Inayoandikwa na Mzazi

Mwanafunzi wa Tanzania anayeomba nafasi chuo kikuu hutegemea cheti cha Baraza la Mitihani. Mtihani umeshafanywa, alama zimeshatangazwa, na hakuna mzazi anayeweza kuongeza hata nukta. Nchini Marekani chuo huomba transkripti, yaani orodha ya masomo yote ya kijana tangu darasa la 9 hadi la 12, na alama zake mwaka hadi mwaka. Kwa mtoto aliyesomeshwa nyumbani, mwenye kuiandaa na kuitia sahihi huwa ni mama au baba yake.

Wapo wanaoiita "nakala ya matokeo". Jina hilo linamtosha mhitimu anayekwenda ofisi ya chuo chake kuomba karatasi itolewe kwenye kumbukumbu. Kwa familia inayofundisha nyumbani linapotosha, maana hakuna kumbukumbu mahali pengine ya kunakiliwa: karatasi hiyo ndiyo kumbukumbu yenyewe. "Matokeo" nayo humfanya mzazi angojee mwisho. "Hati ya masomo" inafaa zaidi, kwa kuwa inataja kinachoandikwa humo, nacho huandikwa kadiri masomo yanavyokwenda.

Ukurasa mmoja mara nyingi hutosha. Juu huwa na jina la mwanafunzi na tarehe ya kuzaliwa. Chini yake, masomo ya kila mwaka: aljebra, biolojia na maabara yake, historia, lugha. Kila somo hupewa krediti. Kipimo kilichozoeleka ni cha Wakfu wa Carnegie, cha tangu mwaka 1906: saa 120 za kufundishwa ni krediti moja. Alama ya A hubeba pointi 4, B 3, C 2, D 1. Binti mwenye A nne na B mbili katika masomo yenye krediti sawa ana pointi 22; zikigawanywa kwa 6, wastani wake ni 3.67.

Mzazi kumpa alama mwanawe kunatia shaka, na maofisa wa udahili wanalijua hilo. Ndiyo maana hati haiendi peke yake. Huambatana na maelezo ya kila kozi, vitabu vilivyosomwa, alama za mitihani ya udahili ya SAT au ACT, na pengine kozi alizosoma kijana katika chuo cha jamii kilicho jirani. Hizi za mwisho zina uzito wa pekee, kwa kuwa aliyesahihisha si mzazi. Chuo kikuu cha MIT, kwa mfano, hakidai diploma ya sekondari, lakini mwaka 2022 kilitangaza kurudisha sharti la SAT au ACT.

Njia hii ya kutoka masomo ya nyumbani hadi chuo kikuu imeshapitiwa na wengi. Grant Colfax, aliyesomea nyumbani kwenye shamba la mbuzi kaskazini mwa California, alikubaliwa Harvard mwaka 1983. Baadaye akawa daktari, na chini ya Rais Obama akaongoza ofisi ya Ikulu iliyoshughulikia sera ya UKIMWI.

Kinachowaangusha wengi ni kuchelewa. Hati inayoanza kutungwa miezi michache kabla ya maombi hujaa makadirio, na tarehe husahaulika. Mzazi aifungue siku mtoto anapoingia darasa la 9, aandike kitabu kinapomalizika na alama inapotolewa, na ahifadhi insha na kazi za maabara, kwani chuo kinaweza kuziomba.