Tabora na Viunga Vyake: Biashara Ilivyokuja na Ilivyohama



Katika kijitabu hiki cha ukumbusho wa miaka kumi, kurasa nyingine zitawaeleza habari za mizani, maghala na hesabu za Chama Kikuu chetu. Sisi tumepewa kurasa hizi chache ili tueleze yaliyotangulia: jinsi biashara ilivyoingia Unyanyembe, ilivyojenga mji wa Tabora pamoja na viunga vyake, kisha ikahama kutoka kiunga hiki hadi kile bila kumwuliza mkulima. Hatusimulii mambo ya kale kwa kujifurahisha tu. Twataka kuonyesha neno moja, nalo ni hili: mji huu ulisimama juu ya jembe na bega la mwenyeji, lakini kwa muda mrefu mwenyeji huyo hakuwa na sauti katika kupanga bei.

MJI NA JINA LAKE

Wazee husema kwamba jina la Tabora limetokana na matobolwa, yaani viazi vitamu vilivyochemshwa, vikakatwa vipande na kuanikwa juani ili vidumu. Kama ndivyo, basi mji wetu haukupewa jina la pembe za ndovu wala la nguo za ng'ambo. Ulipewa jina la chakula cha mkulima. Na yafaa iwe hivyo, kwa maana bila chakula hicho msafara usingaliweza kufika wala kuondoka.

Kutoka Bagamoyo mpaka Unyanyembe ni mwendo wa kilomita 800 hivi, nao msafara uliokwenda vizuri ulichukua yapata miezi mitatu. Richard Burton na John Speke waliondoka pwani mwezi wa Juni 1857, wakafika Kazeh, katika Tabora ya leo, tarehe 7 Novemba mwaka ule ule. Huko walimkuta Snay bin Amir, mfanyabiashara wa Kiarabu, akawapokea na kuwakirimu. Kutoka Kazeh njia ziligawanyika: moja ilikwenda magharibi mpaka Ujiji, nyingine kaskazini mpaka Karagwe na Buganda, nyingine ikashika kusini. Hapo ndipo msafara uliotoka pwani ulipopumzika, ukabadili wapagazi, ukanunua posho, na kuamua uelekee wapi.

Lakini msomaji asidhani kwamba njia ile ilifunguliwa na wageni. Kabla ya wafanyabiashara wa pwani kuweka maskani Unyanyembe, Wanyamwezi wenyewe walikuwa wamekwisha kuizoea safari ya baharini. Walipeleka pembe, wakarudi na nguo, shanga na nyaya za shaba. Mgeni alipokuja aliifuata njia iliyokwisha kukanyagwa, naye akaongozwa na kirangozi wa Kinyamwezi.

Mzigo wa mpagazi ulikuwa wa frasila mbili hivi, yaani kilo 32 kwa kipimo cha leo. Alivuna kwanza shambani mwake, ndipo akaenda safari wakati wa kiangazi. Mvua zilipokaribia alitaka kurudi apate kulima. Kwa hiyo kalenda ya biashara ilifuata kalenda ya jembe. Tajiri aliyechelewa, akafika wakati wa kupanda, aliweza kukaa miezi mingi na bidhaa zake bila kupata mtu wa kuzichukua.

KWIHARA, KWIKURU NA TABORA

Siku zile Tabora haikuwa mji mmoja ulioshikamana. Ilikuwa ni maskani kadhaa zilizotawanyika katika bonde na vilima, kila moja ikiwa na kazi yake. Kwikuru palikuwa pa mtemi. Na neno lenyewe lataja ikulu, ambalo limetoka katika lugha za huku kwetu hata likawa jina la nyumba ya mkuu wa nchi nzima. Tabora yenyewe palikuwa pa matajiri wengi na soko. Kwihara, kilomita chache kusini-magharibi, palikuwa kiunga cha matembe makubwa, yenye paa za udongo zilizo bapa, kuta nene, na vyumba vya kuwekea mali.

Henry Stanley alipofika mwaka 1871 alikaa Kwihara. Aliandika kwamba Tabora ilikuwa na vibanda na matembe zaidi ya 1,000, na watu kadiri ya 5,000 kwa makisio yake. Mwezi wa Februari 1872 alirudi Kwihara kutoka Ujiji pamoja na David Livingstone. Stanley akaondoka kwenda pwani tarehe 14 Machi, na Livingstone akabaki palepale mpaka tarehe 25 Agosti. Alikuwa na nguo na shanga ndani ya tembe, lakini hakuwa na watu wa kuzibeba. Miezi mitano na zaidi alingoja wapagazi watoke pwani. Hapo twaona wazi kwamba ghala lililojaa si kitu pasipo bega la kubeba.

Vitongoji hivi vilitajirika kwa njia tatu. Kwanza, kwa kuhifadhi: bidhaa za Ujiji, za Karagwe na za pwani zilikutana katika matembe, zikangoja bei nzuri. Pili, kwa posho: mtama, mpunga, viazi, kuku, asali na samli vilinunuliwa kila siku ili kulisha misafara. Tatu, kwa mabustani: matajiri walipanda ngano, vitunguu na miti ya matunda kandokando ya nyumba zao. Tusifiche neno hapa. Sehemu kubwa ya kazi katika mashamba yale ilifanywa na watumwa, na katika misafara iliyoteremka pwani walikuwamo watu waliouzwa. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka 1873, lakini utumwa wenyewe uliendelea bara kwa miaka mingi baadaye. Faida ya Kwihara haikuwa safi yote, na mwenye kuandika historia hana budi kusema hivyo.

Sasa tutazame hali ya mkulima katika soko lile. Yeye alikuja na kapu lake la mtama, peke yake, akauza kwa mkono wa nguo au kwa shanga. Mnunuzi alijua bei ya pembe Unguja, alijua nguo ya merikani ilinunuliwa kwa kiasi gani, tena alikuwa na chumba cha kuwekea mali hata mwaka ujao. Mkulima hakujua bei ya pwani wala hakuwa na ghala. Njaa ilipozidi msafarani alipata bei njema. Chakula kilipokuwa tele alipokea alichopewa. Alikuwa mmoja, na mmoja hana nguvu ya kukataa.

KODI YA MTEMI NA MOTO WA VITA

Si kweli kwamba hapakuwa na mwenyeji aliyelitambua jambo hili. Katika siku za Mtemi Fundikira, matajiri wa pwani waliishi Unyanyembe kwa amani na urafiki. Hata Muhammad bin Juma, baba yake Tippu Tip, alimwoa Karunde binti Fundikira. Baada ya Fundikira kufariki, mwishoni mwa miaka ya 1850, Mnywasele alishika kiti. Yeye aliamuru kwamba bidhaa ziingiazo katika nchi yake zilipiwe kodi. Matajiri walikataa, wakamwondoa kwa silaha, wakamweka Mkasiwa mahali pake. Mnywasele alipigana nao porini kwa miaka kadhaa, hata akauawa mwaka 1865.

Baadaye Mirambo wa Urambo naye alitaka sehemu yake. Tangu zamani watemi walitoza hongo, na neno hilo wakati ule halikuwa na aibu ya leo: lilikuwa ushuru halali wa kupita katika nchi ya mtu. Mwaka 1871 Mirambo aliifunga njia ya Ujiji. Mwezi wa Agosti mwaka ule aliushambulia mji wa Tabora na kuchoma sehemu yake. Njia iliposongwa, pembe hazikupita na nguo hazikushuka. Na njia ilipofunguliwa tena, kila upande ulikuwa umekwisha kupoteza watu na mali.

Mnywasele na Mirambo walijua kwamba utajiri ulikuwa ukipita mikononi mwa wengine. Walijaribu kuukamata kwa kodi na kwa bunduki. Lakini kodi ya mtemi ilikuwa ya mtemi. Hatuoni kwamba ilimwongezea mkulima bei ya mtama wake hata kibaba kimoja.

RELI ILIPOPIGA HONI

Mwaka 1890 Emin Pasha alipandisha bendera ya Wajerumani Tabora. Mtemi Isike aliwapinga kwa uhodari, na mwezi wa Januari 1893 ngome yake ilipovunjwa alichagua kujilipua kwa baruti kuliko kukamatwa. Tangu hapo njia haikuwa tena ya mtemi wala ya tajiri wa msafara. Ilikuwa ya serikali ya kigeni.

Pigo la kwanza kwa biashara ya misafara lilitoka mbali. Reli ya kutoka Mombasa ilifika Kisumu mwaka 1901, na mizigo mingi ya Ziwa Victoria ikapata njia fupi ya baharini pasipo kupita Unyanyembe. Pigo la pili lilikuja mlangoni petu. Reli ya Kati, iliyoanza kujengwa Dar es Salaam mwaka 1905, ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914. Behewa moja la tani 10 hubeba mizigo zaidi ya 300 ya wapagazi, wala halingoji kuvuna. Mwaka 1928 tawi la kutoka Tabora lilifika Mwanza, na mji ukawa njia panda kwa mara ya pili, mara hii njia panda ya chuma.

Stesheni ilijengwa mjini. Maduka, maghala na makazi yakaifuata. Kwihara, ambako zamani matajiri waliwekea mali, pakabaki kijiji chenye mashamba na miembe, na tembe la Livingstone likawa nyumba ya makumbusho. Hapakuwa na adui aliyeibomoa Kwihara. Ni njia tu iliyohama. Na wapagazi je? Wengi wa watoto wao walipanda gari moshi lile lile wakaenda kukata mkonge pwani, wakaitwa manamba. Bega lilelile, mwajiri mwingine.

SOKO LENYE WENYEWE

Baada ya hapo mazao mengine yalikuja. Nta na asali za mapori ya miombo ziliendelea kuuzwa nchi za mbali. Huko Urambo Waingereza walianza mpango mkubwa wa karanga mwaka 1947; mpango ukaanguka kabla ya miaka mitano kutimia, na baadaye tumbaku ikashika nafasi yake. Tumbaku haikai kama mtama. Yahitaji mbolea, kuni, mabani ya kukaushia, kupangwa madaraja, na mnunuzi anayeheshimu madaraja hayo. Mkulima mmoja na kapu lake hawezi kusimama peke yake mbele ya mnunuzi kama huyo.

Ushirika ndio jibu ambalo Kwihara haikuwa nalo. Sheria ya kwanza ya vyama vya ushirika Tanganyika ilitungwa mwaka 1932. Lakini jibu hilo nalo limepita katika majaribu. Mwaka 1976 Serikali ilivivunja vyama vikuu, na mamlaka za mazao zikashika kazi zao. Mwaka 1982 sheria mpya iliviruhusu tena. Sheria ya 1991 ikaviweka mikononi mwa wanachama wenyewe. Na sheria ya 2013 ikaunda Tume ya Maendeleo ya Ushirika ili isimamie. Sheria zimebadilika mara nyingi, na mwanachama asiyezifuatilia hukuta mambo yamekwisha kuamuliwa.

Tena twajua kwamba chama chaweza kugeuka kuwa tembe la tajiri mpya, iwapo wanachama hawaulizi. Mizani ikisomwa na mtu mmoja, daftari likifungwa kabatini, mkopo wa pembejeo ukiandikwa bila mkulima kuuelewa, basi tumerudi Kwihara: mmoja ajua bei, mwingine apokea apewacho. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Kwa hiyo kazi ya kwanza ya mwanachama ni kuhudhuria mkutano mkuu na kuuliza hesabu. Na kazi ya kwanza ya kiongozi ni kujibu bila kukasirika.

Liko na neno la mwisho. Mwezi wa Desemba 2021 ulitiwa saini mkataba wa kujenga reli ya kisasa kutoka Makutupora hadi Tabora. Njia, wanachama wenzetu, yahama tena. Mara ya kwanza ilipohama, wakulima wa viungani hawakuwa na chombo cha kusemea. Leo wanacho. Yafaa basi kila chama cha msingi kijadili mapema: maghala yetu yako wapi, yako mbali kadiri gani na stesheni, nani atapakia mazao yetu, na kwa gharama gani. Maswali hayo yasingoje mpaka honi ilie.

Wazee wetu waliubeba mji huu mabegani, na jina la mji likabaki kuwa la chakula chao. Miaka kumi si mingi mbele ya historia hiyo, lakini yatosha kuonyesha kama kapu la mtama limepata ghala, na kama mwenye kapu ameshika ufunguo. Tuendelee kuushika pamoja.