Majuma Katika Mwaka wa Nairuzi

Watu wa mwambao wetu, tangu enzi ambazo majahazi ya Ghuba yaliletwa Lamu, Mombasa na Unguja na kaskazi yakarejeshwa kwao na kusi, walishika miaka miwili kwa pamoja pasi na kuona taabu: mmoja wa mwezi, wenye siku 354 au 355, ambao kwa huo hujulikana saumu, hija na idi, na wa pili wa jua, wenye siku 365 kamili, walioupokea kwa Waajemi pamoja na jina lake la Nairuzi. Ule wa mwezi haukumfaa nahodha, maana hurudi nyuma takriban siku 11 kila mzunguko, hata Ramadhani iliyoingia wakati wa kaskazi huja ikaingia wakati wa kusi.

Siku za Nairuzi zilihesabiwa kwa miongo, yaani makumi, 36 kwa idadi, na siku tano za ziada mwishoni. Hivyo aliyetaja siku ya saba ya mwongo wa tatu alikuwa amekwisha kutaja siku ya 27, wala hakuulizwa mwezi wake ni upi. Ahmad ibn Majid, rubani mashuhuri wa Julfar wa karne ya 15, naye aliziandika nyakati za kusafiri kwa hesabu hiyo ya siku tangu Nairuzi.

Juma lilikwenda njia yake, likikutana na miongo kila baada ya siku 70 tu. Mwaka mzima una majuma 52 na siku moja, na siku hiyo moja, ambayo mwenye haraka ataiona kero, kwangu ndiyo uzuri wa hesabu yote: Siku ya Mwaka ikiwa Jumatatu safari hii, mwakani itakuwa Jumanne, na ikitimia miaka saba, ambayo ni majuma 365 barabara bila ya salio, itarejea Jumatatu. Kwa hiyo wazee waliuita mwaka kwa jina la siku uliyoanzia, mwaka wa Jumatatu au mwaka wa Ijumaa, na wenye ilimu ya falaki wakaubashiria mvua na mavuno kwa jina hilo. (Ubashiri wao siutetei, hesabu yao haina walakini.) Kalenda ya Kizungu, kwa sababu ya siku yake ya ziada ya Februari, huhitaji miaka 400, sawa na majuma 20,871, ndipo irudi ilipoanzia.

Lakini unadhifu huo ulilipiwa. Mwaka wa kweli wa jua huzidi siku 365 kwa karibu robo ya siku, na kwa kuwa robo hiyo haikutiwa hesabuni, Nairuzi, ambayo zama za Ibn Majid iliangukia Novemba, imerudi nyuma hata leo watu wa Makunduchi, kusini mwa Unguja, huadhimisha Mwaka Kogwa, sherehe ya Nairuzi hiyo, mwezi wa Julai, wakipigana kwa migomba na kuchoma kibanda. Nahodha aliyerithi hati za mababu hakuweza kuzifuata kama zilivyoandikwa: kwa kila miaka 100 iliyopita tangu ziandikwe, ilimpasa aongeze takriban siku 24 juu ya hesabu yao, ndipo angoje upepo.